Taa za dashi zimezima: uanze na testa, mita au uruke dima kabisa?

Mkaazi_Tudor
Salaam wadau. Gari ni saluni ya Kijapani ya 1998. Usiku nikiwasha taa ndogo, za nyuma zinawaka, ya namba inawaka, lakini dashi ni giza tupu: saa ya spidi, vitufe vya feni, hata swichi ya hazadi. Kile kigurudumu cha dima, cha kupunguza na kuongeza mwanga wa dashi, kando ya usukani, nikikizungusha polepole dashi humeta mara moja kisha hufa. Balbu mbili nimezichomoa, nzima. Mtaani nimepewa ushauri wa aina tatu: pima kwa testa ya balbu, pima kwa mita ya dijitali, au unganisha waya za dima moja kwa moja usahau. Nyinyi mngeanza na ipi? Sitaki kununua dima ya mtumba halafu nigundue shida ilikuwa waya.

FundiWaya_Magongo
Dalili zako zishatoa nusu ya jibu. Magari mengi ya umri huo hulisha taa za nyuma na taa za dashi kwa fyuzi moja, kwa hivyo za nyuma zikiwaka, fyuzi achana nayo. Balbu zote nazo haziungui usiku mmoja. Kule kumeta ndiko kunakosema: ndani ya dima ya zamani kuna waya mwembamba uliozungushwa, na kijiulimi cha shaba kinatembea juu yake. Kijiulimi kikichakaa au kikishika ule ukijani wa shaba, mguso unakatika. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, ukijani hauchelewi.

Mimi ningeanza na testa ya balbu. Mita ya dijitali haivuti umeme wa maana. Waya ukibakia unyuzi mmoja, mita bado itakusomea volti 12 na utaondoka umeridhika. Testa inavuta mzigo, na waya mbovu ukipewa mzigo utauona, taa inakuwa hafifu. Nazungumzia testa ya gari, yenye balbu ndani na klipu ya kubana bodi. Ile bisibisi ya umeme wa nyumba haioni volti 12 hata uiombe.

Dada_wa_Mita
Kaka fundi, hilo la mzigo sikukatai. Lakini kabla ya kifaa kuna swali: dima iko upande gani, wa moto (umeme unakotoka) au wa athi (unakorudi kwenye bodi)? Usipolijua hilo, testa itakuchezea.

Toyota nyingi za miaka hiyo, balbu za dashi hupata moto moja kwa moja, na dima imekaa upande wa kurudi, kati ya balbu na bodi. Magari mengine dima iko kwenye moto wenyewe. Sasa mtu akipima holda ya balbu kwenye mpangilio wa kwanza, upande wa moto anasoma volti 12. Sawa. Anahamia upande wa pili wa balbu ileile, anasoma 12 tena! Hapo ndipo wengi huanza kubadilisha balbu. Balbu haina kosa. Njia ya kurudi imekatika, umeme hautembei, basi volti zote zinavuka balbu bila kupungua na kukusubiri upande wa pili.

Kwa mita fanya hivi. Waya mweusi bana kwenye chuma kisafi cha bodi, mwekundu gusa waya wa dima unaotoka kwenye balbu, taa ndogo zikiwa zimewashwa. Dima ya upande wa athi ikiwa nzima, kwenye mwanga wa juu kabisa utasoma karibu sufuri, chini ya nusu volti. Ukipunguza mwanga, volti hupanda taratibu. Ikiruka ghafla hadi 12 mahali fulani, pale ndipo palipochakaa. Testa haiwezi kukuonyesha pale.

FundiWaya_Magongo
Haya, hapo umenipata kidogo, dada. Lakini na mimi nikupe moja. Dima ya athi ikikatika, ukibana klipu ya testa kwenye bodi na kugusa ule upande wa kurudi, testa inawaka na dashi nayo inawaka kwa mbali, kwa sababu testa imegeuka kuwa njia ya athi. Kwa dakika moja umejua balbu nzima, waya wa moto mzima, na kilichokosekana ni kurudi tu. Mita haikupi hilo.

Mzee_Probox
Nyinyi vijana mna maneno. Mimi nilikutanisha zile waya mbili za dima, nikafunga tepu. Dashi inawaka hadi leo.

Nyali_Usiku
Mzee wangu shikamoo, lakini wewe huendi Malindi saa tano usiku. Dashi ikiwaka kwa nguvu zote, macho yanazoea mwanga wa karibu, na ukipita Mtwapa boda asiye na taa humwoni hadi umfikie. Dima si pambo.

Halafu kuunganisha kunategemea waya ni ngapi. Dima ya waya mbili, sawa, zikutanishe kwa jaribio. Ya waya tatu mara nyingi ni ya elektroniki: moto, athi, na waya wa kutoka. Ukikutanisha moto na athi, hiyo ni shoti. Kama ni kujaribu, tumia kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 5 katikati, si waya mtupu.

Na gari jipya jipya msilitie mkono kwa njia hizi. Kigurudumu kule hupeleka ishara tu kwa kompyuta ya bodi, nayo ndiyo huwasha na kuzima taa haraka haraka hadi jicho lione mwanga umepungua. Mita itakusomea wastani, na testa ya balbu inaweza kuvuta zaidi ya kile ambacho saketi iliundwa kustahimili. Hapo ni mashine ya kusoma kompyuta: unazungusha kigurudumu huku ukitazama kama namba inabadilika. Na kwa gari lolote, viungio vya manjano chini ya usukani ni vya mifuko ya hewa. Testa isikaribie.

Redio_na_Skrini
Nauliza tu: gari lilibadilishwa redio? Nafunga skrini kila siku, na hii naiona sana. Kwenye Toyota nyingi soketi ya redio ina waya wa kijani, moto wa taa za dashi, na mweupe wenye mstari wa kijani, ambao ni kurudi kupitia dima. Mtu akiubana huo wa pili kwenye bodi, dashi inang'aa kwa nguvu zote na dima haifanyi kitu. Kwa gari lenye dima upande wa moto, ukibana waya wa dima kwenye bodi unaunguza fyuzi au dima yenyewe. Rangi zenyewe usiziamini kabla ya kupima, mafundi waliokutangulia nao wana waya zao.

Pia kama umeweka LED, dima ya waya haitazififisha vizuri. Balbu 10 za wati 1.2 zinavuta karibu ampea 1. LED 10 zinavuta labda ampea 0.2, na dima yenye ohmu chache (ukinzani mdogo) haioni mzigo.

Mkaazi_Tudor
Redio ni ya asili, LED hamna. Nimefanya yote jioni hii. Mita: 11.9 upande wa moto wa balbu, 11.9 upande wa kurudi. Testa kwenye kurudi: dashi imewaka hafifu, vilevile alivyosema fundi. Waya wenye fyuzi kwenye dima: dashi yote, nyeupe pee. Nimeifungua dima, na katikati ya ule mzunguko kuna alama nyeusi, waya umekatika na ncha zake mbili zimeinuka. Spre ya kusafishia kontakti itasaidia?

FundiWaya_Magongo
Spre ni ya uchafu. Waya uliokatika hauoshwi ukapona. Tafuta dima ya mtumba, hesabu pini na ulinganishe kiungio, si umbo la kigurudumu.

Dada_wa_Mita
Na nenda na mita dukani. Iweke kwenye ohmu, gusa pini mbili, zungusha taratibu mwisho hadi mwisho kabla ya kulipa. Namba ikirukaruka, mrudishie akupe nyingine.

Mzee_Probox
Akikosa nyingine, tepu ninayo.