Mwanachama akichambua uamuzi wa bodi, alama zake tuzipange vipi?

Katibu wa AMCOS, Kilimanjaro
Wakuu, habari za leo. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku mlimani. Kila mkutano mkuu swali ni lile lile: bodi ilifikiaje uamuzi wa kupeleka kahawa mnadani Moshi badala ya kutafuta mnunuzi wa moja kwa moja? Muhtasari unasomwa haraka, watu wanapiga makofi, basi. Nataka tuwe na jukwaa dogo la mtandaoni, wanachama wachambue uamuzi mmoja mmoja na kupeana alama wao kwa wao.

Kijana anayetutengenezea ameweka dole la kupenda. Tumelijaribu kwa mada ya malipo ya awali. Mwenyekiti mstaafu kaandika mstari mmoja, "Bodi ilifanya vizuri", kakaa juu kabisa. Mama mmoja kaeleza gharama za kukoboa, usafiri na makato hatua kwa hatua, yuko mkiani. Linaniuma, maana ndiye pekee aliyejibu swali. Mnashauri nini?

Msanifu programu, Dar
Katibu, dole lenu linajibu maswali mawili kwa mpigo: "nakubaliana nawe" na "umenisaidia kuelewa". Yatenganisheni. LessWrong, ambako watu hujadili namna ya kufikiri na kuamua, walifanya hivyo mwaka 2022: kura moja ya ubora wa mchango, nyingine ya kukubaliana. Mtu anaweza kumpinga yule mama na bado akampa alama kwa hesabu zake. Na igeni jambo moja la Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia: aliyechangia mada hatoi alama kwenye mada hiyo hiyo.

Mwalimu wa takwimu
Naongezea: ficheni idadi ya kura siku za mwanzo, na mpangilio wa maoni uchanganywe. Mwaka 2013 Muchnik, Aral na Taylor walichapisha jaribio lao katika jarida la Science. Kwenye tovuti moja ya habari, baadhi ya maoni yalipewa kura moja ya bandia ya kuyapandisha. Msomaji wa kwanza aliyefuata akawa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 32 wa kuyapandisha naye, na mwishowe wastani wa alama za maoni hayo ukazidi kwa asilimia 25. Hiyo ni kura ya mtu asiyejulikana! Jina la mzee anayeheshimiwa kijiji kizima litavuta wangapi?

Mjumbe wa bodi, Mbinga
Nakubaliana na waliotangulia, ila mmeanzia katikati. Kabla ya alama, bodi iweke kumbukumbu mezani: chaguzi zilizokuwepo, bei zilizotazamwa, nani alipinga na kwa nini. Bila hizo wanachama watapima makisio ya wenzao. Nimekaa kwenye vikao vya bodi. Sababu yenyewe mara nyingi haifiki kwenye muhtasari.

La pili, alama zikae kwenye hoja, zisirundikane kwa mtu. Zikirundikana, mtakuwa mmechagua mwenyekiti mwingine bila uchaguzi. Taiwan, walipojadili huduma ya usafiri ya Uber mwaka 2015 kupitia vTaiwan, mchakato wao wa kushauriana na wananchi mtandaoni, walitumia Polis, programu ya kukusanya maoni ambayo haina hata kitufe cha kujibu. Unakubali kauli, unaikataa au unaipita, kisha inaonekana kauli ipi imekubaliwa na makundi yanayopingana. Ninyi tazameni kama hoja imekubaliwa na wenye mashamba makubwa na wenye vihamba vidogo pia. Hiyo ndiyo ya kupandisha juu.

Katibu wa AMCOS, Kilimanjaro
Asanteni sana. Kumbukumbu nitaanza kuidai kikao kijacho, hata kama haitawapendeza wote. Wasio na simu janja je? Ni wengi, na wengi wao ni akina mama.

Mjumbe wa bodi, Mbinga
Siku ya kupokea kahawa ghalani karani awasomee hoja, bila majina ya walioziandika, wapige kura kwa karatasi. Karatasi ziingizwe kwenye mfumo kabla idadi haijafunuliwa kwa yeyote.