Nafundisha Baiolojia Newala, mtandao wa kusuasua: nipate wapi vitu vya maana bila kumaliza bando?

Mwl_Newala

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Baiolojia kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya kata huku Newala. Walimu wa somo tuko wawili, mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo mpaka Septemba niko peke yangu. Maabara ipo ila hadubini inayofanya kazi ni moja tu, na kidato cha tatu peke yao wako 62.

Nina kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, laptopu yangu mwenyewe, na projekta ya shule tunayoitumia siku umeme ukitulia. Mtandao shuleni unashika ukisimama karibu na tangi la maji. Nyumbani una nafuu kuanzia saa nne usiku.

Mwezi uliopita niliona tangazo la notisi na video za Baiolojia za kidato cha kwanza mpaka cha nne, nikalipa elfu kumi na tano. Kufungua, nakuta ni za mtaala wa nchi nyingine, mada zimepangwa vingine kabisa, na nusu ya video ni mtu anasoma maandishi tu. Hela imeshakwenda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilishawaahidi wanafunzi Ijumaa tutaangalia jinsi figo inavyochuja damu. Walifika mapema wakajipanga mbele ya projekta, nami sina cha kuwaonyesha.

Nikitafuta mwenyewe vinakuja vitu chungu nzima, sijui nichukue kipi niache kipi. Naomba mlioko kazini mniambie: nipate wapi vitu vya bure na vya kuaminika, vya kujikumbusha mimi (jenetiki imenitoka kichwani) na vya kuingia navyo darasani?

Binti_Mikindani

Pole sana mwalimu mwenzangu. Kabla hujaenda mbali, anzia hapa nyumbani. Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada vya Baiolojia, unajisajili na kusoma bure, na ndivyo vinavyokwenda na muhtasari wetu. Yaliyokupata kwenye zile notisi huko hayatakupata.

Halafu ingia tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, utafute taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ziko kwa somo na kwa mwaka, ni PDF, unapakua mara moja basi. Walimu wengi hawazijui na mimi naziona ni dhahabu. Kila swali linaelezwa watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, na ndani yake kuna majibu halisi yamepigwa picha na mwandiko wao wenyewe, zuri na bovu.

Mimi nachukua jibu bovu, naliandika ubaoni bila kusema ni bovu, nawaambia vikundi vilisahihishe kwa alama kumi. Mwaka jana kikundi kimoja kilitoa alama nane. Tukalipitia mstari kwa mstari, mmoja akasema, "Madam, huyu amechanganya upumuaji wa seli na kuvuta hewa." Ndilo kosa alilokuwa akifanya yeye mwenyewe tangu kidato cha pili. Sijawahi kupata video iliyonifanyia kazi hiyo.

Fundi_Maabara

Mkuu, tatizo lako si vifaa vya kufundishia, tatizo ni intaneti. Basi tafuta vinavyofanya kazi bila intaneti.

Kipo kitu kinaitwa Kolibri, kimetengenezwa na Learning Equality. Ni programu ya bure. Unaiweka kwenye laptopu, unashusha masomo mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, ukirudi shuleni laptopu ndiyo inakuwa mtandao wenyewe: simu na vishikwambi vinajiunga nayo kwa waifai na wanafunzi wanafungua masomo bila hata MB moja. Ndani unachagua unachotaka, mfano Baiolojia ya Khan Academy yenye video na mazoezi. Usishushe kila kitu, utajaza diski bure. Chagua mada za muhula huu tu.

Pili, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Haya ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini. Kwa mageuko kuna la sungura: unaweka weupe na wa kahawia, unaleta mbwa mwitu, unabadili mazingira, unaona kizazi baada ya kizazi rangi ipi inabaki. Lipo la neva, lipo la namna jeni inavyotengeneza protini. Faili ukilipakua linafunguka kwenye kivinjari cha laptopu bila intaneti.

Mimi niko Mtwara mjini, mtandao wa ofisini si haba. Lete orodha ya mada nikujazie flashi.

Kijana_Nachingwea

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, narudia Baiolojia, naomba niseme kwa upande wa mwanafunzi.

Video za Khan Academy ni nzuri ila Kiingereza kinakimbia. Mwanzoni nilikuwa naangalia dakika kumi, nikifunga sikumbuki hata neno. Sasa napunguza kasi, nawasha maandishi ya chini, na nina daftari la maneno: kushoto neno la Kiingereza kama litakavyoandikwa kwenye mtihani, kulia Kiswahili chake, yaani usanisinuru, utando wa seli, urithi, mageuko. Nikishaelewa kwa Kiswahili narudia kulieleza kwa Kiingereza kwa sauti. Mwalimu, ukiwaonyesha wanafunzi video, wape maneno hayo siku moja kabla. Wengi wananyamaza darasani, na si kwamba hawaelewi Baiolojia, lugha ndiyo imewafunga mdomo.

Shule Direct pia ni ya hapahapa Tanzania, ina notisi na maswali ya sekondari. Mimi natumia kwa simu.

Mpwani_Liwale

Nafuatilia. Huku shida ni hiyohiyo.

Bibi_Hadubini

Mwanangu wa Newala, nimestaafu, nilifundisha Lindi miaka mingi. Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi naongeza moja: usiache skrini iwatoe wanafunzi kwenye mazingira yao, wakati Baiolojia imewazunguka.

Huu ni Julai, mikorosho inachanua. Nenda kwenye shamba ambalo halijapulizwa salfa, tafuta jani changa lenye ubwiriunga, ule unga mweupe. Ule ni kuvu. Bandika selotepu angavu juu ya unga, ibandue, ibandike kwenye kioo cha hadubini, utaona nyuzi na vijimbegu vyake. Kila mtoto wa Newala anajua nyumbani kwao msimu unaharibika kwa ajili ya unga huo, wachache wamewahi kukiona kiumbe chenyewe.

Kuhusu hadubini moja kwa watoto 62: weka kamera ya simu juu ya lenzi ya kuchungulia, kiwiko ukikite mezani mkono usitikisike, sogeza taratibu mpaka duara la mwanga lijae, piga picha. Picha hiyo ndiyo iende kwenye projekta.

Jenetiki nenda tovuti ya HHMI BioInteractive, bure kabisa. Wana filamu fupi kuhusu selimundu na malaria, inamfuata daktari Tony Allison aliyezunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu, na mwaka 1954 akachapisha kwamba wenye jeni moja ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Huku kwetu malaria tunaijua, na selimundu zimo katika familia za wanafunzi wako. Chora msalaba wa wazazi wawili wote AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya selimundu: kwa kila uzazi, nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS, yaani mgonjwa, mbili kati ya nne awe AS. Ila ongea kwa upole, huenda yupo aliyefiwa na ndugu. Na usimwache mtoto aondoke akidhani wazazi wake wana kosa.

Kwa mageuko, usisahau Tendaguru. Iko Lindi, na mifupa iliyochimbwa pale mwaka 1909 hadi 1913 ndiyo imesimamishwa makumbusho ya Berlin, mjusi wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto wetu wanajifunza visukuku kwa mifano ya ng'ambo, kumbe mifupa yenyewe imetoka kwetu. Hilo linanisikitisha mpaka leo.

Mwl_Newala

Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Narudi baada ya siku kumi na mbili.

Nilianza na hadubini kwa sababu haikuhitaji bando. Tulibandua ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, tukadondosha tone la ayodini, nikaweka simu kama ulivyosema. Picha tatu za mwanzo zilikuwa giza. Ya nne ikatoka: vyumba vimepangwa kama matofali, kila kimoja na kidoa cha kahawia. Nilipoiwasha kwenye projekta darasa lilinyamaza kabisa, kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari hajawahi kunyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, hiki kidoa ndicho kiini? Mbona chumba kile pale hakina?" Nilimwambia huenda kipo, ngozi ilikunjika au kimekaa nje ya usawa wa lenzi, twende tukaangalie. Tukasogeza kioo, tukakiona.

Siku iliyofuata wawili walikuja na majani ya korosho yenye ubwiriunga ndani ya mfuko wa daftari, bila mimi kuwatuma. Selotepu ilifanya kazi.

Taarifa ya NECTA nimeshaipakua, jibu bovu la kwanza nawapa Jumatatu. Vitabu vya TET nasoma usiku. Filamu ya selimundu bado, nataka kwanza niongee na mzazi mmoja ambaye mtoto wake najua anaumwa.

Fundi, mada za muhula ni hizi: utoaji taka mwili (ile figo bado nawadai), uratibu, uzazi. Flashi ya GB 64 nimenunua, naituma na basi la kesho asubuhi.

Fundi_Maabara

Orodha nimeipata. Flashi ikifika niachie kwenye ofisi ya basi pale stendi, andika "Baiolojia Newala" juu ya bahasha. Jumamosi inarudi na basi la mchana, figo naiweka ya kwanza. Na wewe Mpwani wa Liwale, kama una mtu anayekuja Mtwara wiki hii, mpe flashi nayo.