Naomba ushauri: injini ya Toyota 1JZ ya mbio za mita 402, nianze na pistoni au turbo?

Wakuu, habari zenu. Nipo Arusha, ninajenga Toyota Mark II JZX100 nyumbani kwa ajili ya mbio za mita 402 tu, si gari la kwendea kazini. Mashine ni 1JZ-GTE ya VVT-i (inayobadilisha wakati wa vali kufunguka), cc 2,492, turbo moja, kiwandani ilitoka na nguvu farasi 280. Nataka ifike 450 na ibaki hai.

Mashine ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilipandisha presha ya turbo bila kuongeza mafuta, petroli ikawa inalipuka kabla ya wakati, pistoni ikapasuka. Iliniuma sana, ilikuwa akiba ya miaka miwili.

Safari hii nimeshanunua injekta kubwa, pampu ya petroli na kompyuta inayorekebishika. Hela iliyobaki inatosha kitu kimoja: pistoni na konrodi (mikono inayoshika pistoni) zilizofuliwa kwa kugongwa, yaani forged, au turbo kubwa na intakula yake (kipoza hewa ya turbo). Fundi wangu anasema pistoni kwanza. Mimi naegemea turbo, maana huku juu, kama mita 1,400, hewa ni nyepesi. Turbo ndogo inalazimika kuzunguka mno kufikia presha ileile, na joto linapanda.

Halafu gasketi ya silinda hedi, ile ya chuma: niweke ya unene gani? Mgandamizo ni 9:1, sitaki ushuke gari likawa zito kuondoka mstarini.

Aliyewahi kujenga 1JZ naomba anieleze alitumia nini, hata kama kilivunjika.