Faili la mgonjwa wa figo lifunguke hospitali zote au libaki alikotibiwa?

Mtu wa Pantoni: Wakuu habari za jioni. Bimkubwa wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye mashine. Tumehamia Kigamboni, kuvuka na pantoni kila siku ya mashine kukatushinda tukamhamishia kituo cha karibu, basi kule wakaanza moja kumpima, homa ya ini B na C, ukimwi, vyote upya na hela juu. Hilo nalielewa, mwenye homa ya ini B anatengewa mashine yake. Ila hakuna aliyejua atoke kwenye mashine na kilo ngapi, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa!! wakakisia, wakamtoa maji mengi, presha ikadondoka akazimia pale pale kitini. Namba moja tu, na imelala kwenye kompyuta ng'ambo ya maji. Mi nasema faili liwe moja, lifunguke kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, popote.

Binti Mbagala: Pole sana kaka, bimkubwa apate nafuu. Ila hapana. Humo kuna majibu ya ukimwi, dada wa mapokezi akichungulia leo, kesho mtaa mzima unajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, si za kumwaga.

Nesi wa Zamu: Siri gani mnayolinda jamani 😂 saa hizi tunatumiana picha za karatasi wasap, ziko kwenye simu zetu na picha za harusi. Halafu mnabishania mwisho wa safari. Mtu ana sukari na presha, anazunguka zahanati tatu, kila moja inampima kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo zikichoka, kivyake na hakuna anayeona kwamba inapanda, mgongo ukiuma anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, akifika kwetu figo zimeshakwisha.

Mtu wa Pantoni: Nesi umenimaliza, mama alianza hivyo hivyo na diklofenaki tulikuwa tunamnunulia wenyewe duka la dawa. Binti, basi lifunguliwe na daktari na nesi tu, na kila likifunguliwa mgonjwa atumiwe meseji.

Binti Mbagala: Hapo kidogo tunaongea. Ila bibi yangu meseji zake anasomewa na mpangaji, sasa?