Grateful Dead laivu: Cornell 1977, Veneta 1972 au Fillmore East 1970? Naomba ushauri wa kuanzia

Kisiki_cha_Mpingo

Wakuu, heshima zenu.

Mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi. Kwetu wimbo ulikuwa haujaanza mpaka sebene iingie, na hadi leo redio ikiukata wimbo kabla magitaa hayajakolea, roho inaniuma. Sasa mwezi uliopita, kazini huku Minneapolis, mzee mmoja tunayeingia naye zamu ya usiku alinivisha hedifoni zake akaniambia sikiliza mpaka mwisho. Walikuwa Grateful Dead, Barton Hall, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cornell, 1977. Nyimbo mbili zimeshonwa pamoja, zaidi ya dakika ishirini, na sikujua ya kwanza imeishia wapi.

Nikaanza kutafuta, nikakuta bahari. Bendi imepiga tangu 1965 hadi Jerry Garcia, mpiga gitaa wao, alipofariki Agosti 1995, shoo zaidi ya 2,000, na nyingi zipo kwenye kanda. Albamu zao mbili za studio nimezisikiliza, hazikunishika. Nataka laivu, tena moja tu kwanza, niinunue nikae nayo mpaka niijue. Kila ninapouliza yanarudi majina yale yale matatu: Cornell 8 Mei 1977, Veneta 27 Agosti 1972, na Fillmore East Februari 1970. Nyie mlioishi na kanda hizi, zinatofautiana wapi hasa?

Mlinzi_wa_Kanda

Karibu sana mdogo wangu. Huyo mzee wa zamu ya usiku amekutendea wema mkubwa.

Anza na hiyo hiyo uliyosikilizishwa. Wapo watakaokuambia Cornell inasifiwa kupita kiasi kwa kuwa kila mtu anayo. Kila mtu anayo kwa sababu ilisikika vizuri tangu enzi za kaseti, wakati nusu ya tulivyokuwa tunasikiliza vilikuwa mvumo mtupu. Aliyeirekodi ni mama mmoja, Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi. Kanda alikuwa anaichanganyia sauti zake, hakuwa anadaka tu kile kinachokwenda kwenye spika za ukumbi. Matokeo yake besi ya Phil Lesh ina mwili, piano haimezwi na magitaa, na dramu mbili unaweza kuzitenganisha. Mwaka 1986 vitu vyake vilivyokuwa stoo ya kukodi vilipigwa mnada kwa sababu ya deni, maboksi ya kanda yakaangukia mikononi mwa watu baki, na nakala zikaanza kuzunguka toka hapo. Cornell yenyewe ilitoka rasmi 2017. Kabla ya hapo, Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, ilikuwa imeshaiweka kwenye rejista yake ya rekodi za kutunzwa kitaifa.

Fungua seti ya pili. Kwanza utamsikia Bob Weir, mwimbaji na mpiga gitaa wa pili, akiwaomba watu warudi nyuma hatua moja, maana waliobanwa mbele wanaumia. Halafu inaingia Scarlet Begonias, na ndani yake Fire on the Mountain inaanza kuota polepole, besi ikitangulia kuhama na wengine wakifuata. Ndizo nyimbo mbili alizokupigia mzee wako. Na usikose Morning Dew ya kufungia seti. Garcia anaanza kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, na gitaa linapanda hatua kwa hatua hadi mwisho anazichapa nyuzi mfululizo kama mvua ya mawe kwenye bati. Nimeisikiliza zaidi ya miaka thelathini na bado nikifika hapo naacha ninachofanya.

Binti_Chumbageni

Kaka Mlinzi, kwa heshima zote, hapa tunapishana.

Cornell ni safi, hilo silibishi. Ila ndugu yetu hakuomba usafi, ameomba muziki unaoachiwa uende unakotaka. Mwaka 1977 hawa watu walikuwa wameshajua wanaelekea wapi. Mwaka 1972 walikuwa bado wanatafuta njia, na wewe unatafuta pamoja nao. Pia Veneta kuna mpiga dramu mmoja tu, Bill Kreutzmann, kwa sababu Mickey Hart alikuwa ametoka 1971 na hakurudi hadi 1974. Mpe sikio hilo tu. Dramu mbili zina nguvu, lakini kugeuka kwake kunachukua muda. Kreutzmann peke yake anageuka papo hapo, Garcia akikata kona naye ameshafika, na Keith Godchaux kwenye piano yuko nyuma yao hatua moja.

Shoo yenyewe ilikuwa ya kukisaidia kiwanda kidogo cha maziwa cha Springfield, Oregon, cha familia ya Kesey, marafiki wa bendi tangu mwanzo kabisa. Tiketi zilichapwa kwenye lebo za mtindi! Uwanja wazi, jua la Agosti, joto limepita nyuzi 37, magitaa yanatoka kwenye tyuni na utawasikia wakiyarudisha kati ya nyimbo. Dark Star ya siku hiyo ni nusu saa nzima. Mimi huiweka Jumapili nikikanda unga wa chapati, na unga unakuwa umeshalainika kabla Garcia hajaimba neno la kwanza. Ilitoka rasmi 2013 kwa jina la Sunshine Daydream, pamoja na filamu iliyopigwa siku ile, kwa hiyo hata kuwaona utawaona.

Nyakato_Sauti

La haraka kwa mleta uzi: ukitafuta mtandaoni, kumbuka Wamarekani wanatanguliza mwezi. 5/8/77 ni tarehe 8 Mei, siyo 5 Agosti. Nimeona watu wakikata tamaa kwa hilo tu.

Besi_Nzito

Mimi napiga besi, kwa hiyo mnisamehe nikisema wote wawili mmeruka kisima chenyewe.

Fillmore East, New York, 13 na 14 Februari 1970. Tafuta Dick's Picks namba 4. Dick ni Dick Latvala, mtunza kanda wa bendi, aliyeanza 1993 kuchagua shoo kutoka stoo na kuzitoa bila kuzipaka rangi. Alifariki 1999, mfululizo ukaendelea hadi namba 36. Kanda za hii namba 4 zilinaswa na Owsley Stanley, waliyemwita Bear, na kwa rekodi ya 1970 utashangaa ukumbi unavyosikika. Unakaa katikati ya giza lile na kila chombo kina kiti chake.

Usiku wa tarehe 13 wanapiga Dark Star, kisha That's It for the Other One, kisha Turn On Your Lovelight. Vitu vitatu, kila kimoja kama nusu saa, na hawashuki jukwaani. Msikilize Phil Lesh. Alisomea tarumbeta na utunzi wa muziki, besi aliishika mara ya kwanza alipoingia kwenye bendi hii. Kwa hiyo hakai chini kushikilia msingi kama tulivyofundishwa sisi. Anajibizana na gitaa, anapingana nalo, mara nyingine anatangulia yeye na Garcia anamfuata. Oktoba 2024 alipofariki niliiweka hiyo Dark Star nikiwa nimeshika besi yangu bila kuichomeka, nikafuata vidole vyake kimya kimya hadi mwisho.

Halafu Lovelight ni ya Pigpen, Ron McKernan. Sauti ya bluzi halisi, anaongea na watu, anawachombeza, bendi inamsubiri. Alifariki Machi 1973 akiwa na miaka 27. Veneta hayupo tena, Cornell ndiyo kabisa. Ukianza na hizo mbili utadhani bendi hii haikuwahi kuwa na mwimbaji wa namna ile.

Kisiki_cha_Mpingo

Asanteni sana, mmenipa kazi kuliko nilivyotegemea. Swali kabla sijanunua: nimeingia Internet Archive, ile hifadhi ya mtandaoni, nikakuta tarehe moja ina rekodi kumi na kitu tofauti. Nyingine zimeandikwa ni za mikisa, nyingine za ukumbini, nyingine mseto. Ni shoo moja, mbona zinasikika kama bendi tatu?

Mlinzi_wa_Kanda

Swali zuri, na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama.

Ya mikisa imetoka moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Utasikia kila neno. Tatizo ni kwamba kazi ya mikisa ni kujaza ukumbi. Pakiwa padogo na amplifaya za magitaa zinatosha zenyewe, fundi hazipandishi, na hilo pengo linakwenda hivyo hivyo kwenye kanda. Unapata waimbaji wako mbele, gitaa liko chumba cha pili. Ya ukumbini imerekodiwa na mashabiki kwa maiki zilizoinuliwa juu ya fimbo katikati ya watu. Inabeba mwangwi, makofi na mtu anayemwita mwenzake, lakini uwiano wa vyombo ni ule uliosikika kweli. Bendi iliwaruhusu kwa sharti moja, kanda zisiuzwe, na kuanzia Oktoba 1984 wakawatengea sehemu yao rasmi ukumbini. Mseto ni hizo mbili zimelazwa juu ya nyingine. Ukikuta mseto uliofanywa kwa uangalifu, chukua bila kuuliza.

Jambo la kujua: za mikisa pale zimekuwa za kusikiliza tu, hazipakuliki, tangu mzozo wa Novemba 2005 ziliposhushwa na mashabiki wakalalamika. Za ukumbini unapakua bure.

Angalia pia maelezo ya nakala. Zamani kila kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine iliongeza mvumo, tukawa tunahesabu vizazi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa kizazi cha nne. Nilimwandikia barua mtu wa Ohio nisiyemjua, nikamtumia Maxell XL II 90 mbili tupu na stempu za kurudishia. Wiki tatu baadaye bahasha ikarudi, kaseti zimejaa, majina ya nyimbo yameandikwa kwa penseli, herufi ndogo ndogo zilizonyooka. Hakutaka senti. Aliomba tu na mimi nimnakilie mwingine atakayeniandikia.

Udi_na_Tari

Salaam alaykum kutoka Maskati. Naona hakuna aliyeitaja Misri, na kwa mtu aliyelelewa na muziki wa kwetu mimi nisingeiruka.

Septemba 1978 walipiga siku tatu Giza, chini ya mapiramidi, tarehe 14 hadi 16. Sitakudanganya, kwa ubora haishindani na hizo tatu. Piano ilikuwa haiko kwenye tyuni, na Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga kwa mkono mmoja. Bendi yenyewe iliiweka kando, haikutoka hadi 2008, kwa jina Rocking the Cradle.

Lakini yumo Hamza El Din, Mnubi, bwana wa udi. Anaanza Ollin Arageed kwa tari na makofi na sauti za wenzake wa Nubia, hakuna kingine. Makofi yanakwenda kwa mzunguko mrefu, na ukihesabu nne nne unapotea. Mwangalie Garcia anavyoingia: noti moja, ananyamaza, noti mbili, kama mgeni anayebisha hodi. Kisha wote wanaingia, na bila kusimama inakuwa Fire on the Mountain, wimbo ule ule unaousikia Cornell. Ukishaujua wa Cornell, njoo kwenye huu usikie umefunguliwa mlango gani mwingine.

Saksafoni_ya_Kisenga

Naunga mkono zote, naongeza moja kwa siku za usoni: Nassau Coliseum, New York, 29 Machi 1990. Branford Marsalis alialikwa na saksafoni yake, wakampa Bird Song kwenye seti ya kwanza, na seti ya pili wakafungua naye kwa Eyes of the World. Ndiyo miezi ya mwisho ya Brent Mydland kwenye kinanda, alifariki Julai ile ile. Ilitoka 2014. Sauti ni ya kisasa, haina vumbi.

Binti_Chumbageni

Eyes hiyo naipenda mno. Lakini asianze nayo jamani, aanze zamani apande.

Kisiki_cha_Mpingo

Wakuu, nimerudi. Nimechukua siku tatu, kila usiku baada ya kazi shoo moja, taa zimezimwa.

Fillmore East bado ni kubwa kuliko masikio yangu. Lovelight nimeielewa mara moja, Pigpen ni mtu wa kwetu kabisa, lakini Dark Star ile iliniacha mbali na nitairudia. Cornell nilikuwa naisubiri ile Morning Dew, na Mlinzi hukutia chumvi. Lile gitaa la mwisho nililisikia hadi kwenye meno.

Nimenunua Veneta. Kuna mahali ndani ya Dark Star ambapo kila kitu kinavunjika, magitaa yanalia, huwezi kushika mdundo popote, nikaanza kuogopa kama wamepotea kweli. Na hapo hapo, kutoka kwenye zile kelele, ikaibuka El Paso, hadithi ya mchunga ng'ombe na bastola, Weir anaimba kana kwamba alikuwa anatembea kuelekea pale muda wote. Nilisimama kitandani. Dada, nimeelewa ulivyosema unatafuta pamoja nao.

Mzee wa zamu ya usiku nilimweleza. Jana ameniletea kaseti ya kwake, XL II 90, imeandikwa kwa penseli Buffalo 9 Mei 1977, usiku uliofuata baada ya Cornell. Amesema ameinunua tupu mwaka 1988 na hajampa mtu. Mimi sina pa kuichezea. Kuna anayejua deki nzima inapatikana wapi?

Mlinzi_wa_Kanda

Ninazo mbili, moja haina kazi. Niandikie pembeni tupange nitakavyokutumia. Na kabla hujaicheza, iendeshe haraka mbele mpaka mwisho, kisha irudishe nyuma yote. Kanda iliyolala muda mrefu hugandana, ukiianzisha ghafla inaweza kukatika. Upande wa kwanza utakufungulia kwa Help on the Way.