Naomba ushauri: mtoto wa miezi mitano na fataki za Mwaka Mpya wa Kichina

MamaFaiza
Asalaam aleykum, na habari zenu nyote.

Niko Changsha, mkoa wa Hunan, mume wangu anasoma hapa. Hatukai chuoni, tumepanga nje ya mji, mtaa ambao zamani ulikuwa kijiji. Mwaka jana nilikuwa na mimba changa. Usiku wa kuamkia 29 Januari nilidhani vita vimeingia. Saa sita dirisha lilitetemeka mpaka kikombe kikasogea mezani, na moshi wa baruti ukapenya chini ya mlango. Nilijifungia bafuni mpaka saa nane. Asubuhi ngazi zilikuwa nyekundu kwa makaratasi ya fataki, wala hakuna aliyefagia.

Mwaka huu sikukuu ni 17 Februari. Mwanangu hushtuka hata mlango ukibamizwa, na siku moja au mbili baadaye tunaanza kufunga. Nauli ya kurudi Tanga hatuna. Majirani ni watu wema, mama wa chini aliniletea supu ya kuku nilipojifungua, kwa hiyo kushtaki sitaki. Nifanyeje?

Mkaazi wa Hunan
Pole sana dada. Hapo uko jirani kabisa na Liuyang, zinakotengenezwa fataki, usitegemee kimya. Ila zina saa zake. Tarehe 16 jioni kabla ya chakula cha familia, kisha saa sita usiku, kisha alfajiri ya tarehe 17 watu wakifungua milango. Hapo zinapungua. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 zinarudi kwa nguvu, wanampokea mungu wa mali, na huo ndio utakaowakuta mmefunga, leni daku mkijua. Siku zinazofuata maduka yakifunguliwa utasikia za hapa na pale, na 3 Machi ni siku ya taa, ya mwisho. Kutofagia siku ya kwanza ni mila yao, wanaogopa kufagia bahati.

Nesi Mwanaidi
Mdogo wangu, usimtie mtoto pamba wala kitu chochote ndani ya sikio. Mlio hauzuiliki kwa pamba, na kidude kidogo kinaweza kumkaba kikiingia mdomoni. Nunua vile vya watoto vinavyofunika sikio zima kama hedifoni, na uagize leo hii, maana wasafirisha mizigo nao wanarudi kwao. Mlaze chumba kisichotazama barabara, tundika blanketi dirishani, ziba chini ya mlango kwa taulo mbichi, moshi ni mbaya kwa kifua chake. Washa feni ivume. Mlio ukianza mweke kifuani umnyonyeshe. Akikuona umetulia atatulia.

Kaka wa Wuhan
Kwa nini msihamie mjini siku mbili tatu? Miji mingi imepiga marufuku fataki maeneo ya katikati. Mwulize mlinzi wa geti mpaka wa marufuku uko wapi, kisha chukueni chumba mapema.

MamaFaiza
Ahsanteni. Hoteli hatumudu, kaka yangu. Vya masikioni nimeagiza jana. Huyu mama wa chini nimwambie au ninyamaze?

Shangazi wa Yiwu
Mwambie, mwanangu. Nimeishi huku miaka kumi na moja. Lakini usiende kumwomba asiwashe. Wazee wao wanasimulia kuwa mlio na rangi nyekundu ndivyo vilivyomfukuza Nian, lile zimwi la mwisho wa mwaka. Ukimkataza ni kama unamwombea mkosi. Nenda na mtoto mgongoni na machungwa mekundu mekundu, sita au manane, manne usipeleke kabisa, namba hiyo kwao inasikika kama kifo. Mwulize tu atawasha saa ngapi na wapi.

MamaFaiza
Shangazi, nimetoka kwake sasa hivi. Alimpakata Faiza, akamziba masikio kwa viganja vyake, akanionyesha saa ya ukutani: kumi na mbili jioni, sita usiku, kumi na mbili asubuhi. Mwanawe atawashia kule bwawani, si kwenye ngazi. Nimerudi na mfuko wa karanga.