Tupeane uzoefu: kutoa petroli kwenye gari au pikipiki ili kuwasha jenereta, pampu ya maji na mashine nyingine

MkulimaRuvu
Wakuu, habari za jioni. Leo nimemkuta jirani yangu wa shambani amepiga magoti nyuma ya Probox, mpira mdomoni, anavuta petroli ya pampu ya kumwagilia. Akakohoa mpaka machozi, akatema, akavuta tena. Nimeona nilete jambo hili maana wengi tunaishi nalo. Sheli hawakuwekei kwenye kidumu, EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walishakataza, na pampu huwezi kuibeba mpaka barabarani kila ikikauka. Kwa hiyo tanki la gari au la boda ndilo linakuwa ghala letu. Wenye jenereta, chenso, mashine za kufyeka majani, nyie mnatoaje? Na mmeshuhudia nini?

BodaChanika
Pikipiki haihitaji kunyonywa kabisa. Chini ya tanki kuna koki. Zima, iache ipoe, funga koki, chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye kidumu, kisha fungua koki. Inateremka yenyewe. Ikitosha unafunga na kurudisha mpira pamoja na kibanio chake. Kibanio msikisahau. Mpira ukichomoka uko barabarani, petroli inamwagikia injini ya moto katikati ya miguu yako. Mimi Boxer yangu ndiyo iliyolisha jenereta ya saluni ya mke wangu kipindi chote cha mgao.

MamaSaluniMbagala
Sahihi kabisa. Fundi wa boda alinionyesha hivyo hivyo.

FundiIlala
Kwenye gari mambo ni tofauti. Gari nyingi za miaka ya karibuni zina wavu au kizuizi kwenye shingo ya tanki. Ukilazimisha mpira unakwama huko ndani, na nimeshafungua matanki mengi kutoa vipande vya mpira vya watu wenye haraka.

Njia zangu ni mbili. Ya kwanza, baadhi ya Toyota za zamani zina bolti ya kumwagia chini ya tanki. Unailegeza taratibu na beseni liko tayari, gari likiwa limepoa. Ya pili ni kutumia pampu ya gari lenyewe. Toyota za zamani kidogo zina kiboksi karibu na injini kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani mna tundu la +B na la FP. Swichi ikiwa imezimwa, unaunganisha matundu hayo kwa kipande cha waya, unachomoa ule mpira wa kurudishia mafuta kwenye tanki na kuuelekeza kwenye dumu, halafu ndipo unawasha swichi bila kupiga stata. Pampu inasukuma yenyewe. Msiguse mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini, ule una presha na utarushia usoni. Na kama hujawahi kufungua boneti isipokuwa kuongeza maji, mwite fundi.

KijanaWaIST
Fundi usitishe watu. IST yangu mpira mwembamba unapita vizuri tu.

FundiIlala
Unapita kuingia, mdogo wangu. Mimi nawajua wale ambao ulikataa kutoka.

KijanaWaIST
Miaka yote haujakataa.

MtotoWaKilosa
Niliposoma "mpira mdomoni" nimeshindwa kunyamaza.

Ilikuwa msiba wa baba yetu mkubwa, Kilosa. Usiku watu wamelala uwanjani, kinamama wako jikoni wanaandaa ya kesho, na jenereta ndiyo iliyokuwa inaendesha taa na spika za kwaya. Ikazima. Mdogo wangu, kijana mwepesi wa kujitolea, akasema Noah ya mjomba ina mafuta, tusisumbuane. Akatafuta mpira, akapata ule wa kumwagilia bustani, wa kijani mzito. Ule huuoni ndani. Hujui petroli imefika wapi.

Alivuta mara ya kwanza, upepo. Mara ya pili, upepo. Ya tatu akavuta kwa nguvu zake zote na ikaja kwa kasi. Sidhani kama alimeza nyingi. Alishtuka, na mtu akishtuka huvuta pumzi ndani. Ikaenda kifuani. Akaanguka pembeni ya tairi, anakohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia tena, macho yamemtoka. Nilimshika, nguo yote inanuka petroli, na hatua chache kutoka pale kuna moto wa wapishi. Nilimvuta kwanza upande wa pili wa nyumba, hata sijui akili ile ilitoka wapi.

Wazee wakaja. Shangazi akaleta maziwa, kikombe kizima. Mwingine akasema atapishwe, wakamtia kidole. Akatapika, na kila akitapika kikohozi kinazidi. Baadaye akatulia. Wote tukasema afadhali. Alfajiri nikaenda kumwangalia, nikakuta anahema harakaharaka, mwili unachemka, midomo imebadilika rangi. Tukampakia kwenye Noah ile ile.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa: alitapika? Tukasema ndiyo, tulimtapisha. Hakutugombeza, ila nilimwona uso. Wakamwekea oksijeni, picha ya kifua ikaonyesha mapafu yote mawili yamechafuka upande wa chini. Baba mkubwa tulimzika mdogo wangu akiwa wodini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kupanda hata mlima mdogo bila kusimama.

MamaSaluniMbagala
Pole sana kaka. Nimesisimka.

NesiWaZamu
Pole MtotoWaKilosa. Niongeze maana nawapokea watu hawa, na watoto waliokunywa mafuta ya taa kwenye chupa za maji ni wengi kuliko wote.

Petroli ni nyepesi mno. Ikigusa njia ya hewa inasambaa haraka ndani ya mapafu na kuyaunguza. Ikiwa tumboni, mara nyingi haina hatari kubwa kama ikipita kifuani. Ndiyo sababu hatumtapishi mtu: kila akitapika inapata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa na mafuta ya kula nayo yanaongeza kutapika. Mtoeni penye moto na hewa nzito, mvueni nguo zilizolowa, osheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, mpelekeni hospitali. Hata akionekana mzima aangaliwe angalau saa 6, maana homa na kuhema vinaweza kuja baadaye, kama ilivyotokea Kilosa.

MzeeWaMalori
Sisi tuliendesha malori barabara ya Tunduma miaka ambayo wengi humu hamjazaliwa. Tumenyonya mafuta kwa mdomo safari nzima, na ukimeza unakunywa maziwa, unaendelea. Maziwa ni dawa.

NesiWaZamu
Shikamoo baba. Malori yenu yalikuwa ya dizeli. Dizeli ni nzito kidogo kuliko petroli, ingawa nayo ikipita kifuani inaumiza vibaya. Waliopona walipona kwa sababu haikuingia mapafuni. Maziwa hayakuwasaidia.

MzeeWaMalori
Marahaba mwanangu. Bado nasema maziwa hayajawahi kumuua mtu.

NesiWaZamu
Baba, nimesimama kando ya vitanda vya waliopewa maziwa. Hapo siwezi kukubaliana na wewe hata kwa heshima.

KijanaWaIST
Nesi amemaliza.

TandikaKwetu
Ngoja niwape ya kibanda umiza, maana wote mnazungumzia kunyonya, hakuna anayezungumzia kumimina.

Mechi ya Simba na Yanga, kibanda kimejaa mpaka watoto wamekaa chini ya skrini, mlango mmoja, kuta za mabati. Umeme ukakatika, mwenye kibanda akawasha jenereta iliyo nyuma. Kipindi cha pili ikaanza kukohoa, mafuta yanaisha. Kijana wake akatoa petroli kwenye boda, lakini akaitolea kwenye NDOO. Ndoo ya wazi. Na ili watu wasikose mpira, hakuzima jenereta. Akafungua mfuniko wa tanki huku injini inanguruma, akaanza kumimina kwa kopo.

Upande wa chini wa ukuta, umbali wa kama hatua kumi, alikuwepo muuza mishikaki na jiko lake la mkaa. Nilikuwa pale nasubiri mishikaki yangu. Niliona moto ukitoka JIKONI kwenda kwenye ndoo. Ulikimbia chini chini, wa bluu, haujagusa kitu chochote njiani. Simu inaisha chaji, nitamalizia.

BodaChanika
Mkuu huwezi kutuacha hapo!

MamaSaluniMbagala
Waliokuwa ndani walitoka??

KijanaWaIST
Tafuta chaji aisee.

FundiIlala
Akiwa anatafuta chaji niwaeleze alichokiona. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini kufuata mteremko na upepo, hata kwenye baridi kali ya kugandisha maji petroli inaendelea kuutoa. Muuza mishikaki hakuisogelea petroli. Petroli ndiyo iliyomfuata.

TandikaKwetu
Nimerudi. Ndoo ililipuka moto mikononi mwa kijana. Akaitupa, na ilipoanguka ndipo moto ukatapakaa mpaka kwenye bati la kibanda. Ndani watu wakasikia kelele wakadhani ni goli. Kilichowaokoa ni kwamba mabati ya upande ule yalikuwa yamepigiliwa ovyo, wanaume wa nje tukayang'oa kwa mikono, watu wakatokea kule. Hakufa mtu. Kijana aliungua miguu yote na mkono mmoja. Sasa hivi anauza vocha, mguu mmoja ngozi imevuta haunyooki vizuri. Kibanda kilijengwa tena, na jenereta siku hizi inazimwa hata kama ni penalti.

MamaSaluniMbagala
Alhamdulillah.

MtuWaMoro
Sisi wa Morogoro moto unaotambaa chini tunaujua. Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta limepinduka, watu wamekuja na vidumu. Walikufa zaidi ya 100. Nimezika jirani.

KijanaWaIST
Pole, ila hilo ni lori la mafuta, huu uzi ni wa lita mbili tatu za jenereta. Tusichanganye.

MtuWaMoro
Mvuke ni ule ule, ndugu. Ulihitaji cheche moja tu.

MkaziMolo
Na sisi Kenya tunakumbuka moto wa lori la mafuta la Sachangwan, Januari 2009. Poleni.

BosiMkubwa
Mimi nina wasiwasi na uzi huu. Madereva wangu wakisoma kiboksi cha DIAGNOSIS nimekwisha. Kila mwezi gari linakula mafuta kuliko safari zake.

DerevaMwaminifu
Bosi usitukane watu wote. Mwezi uliopita jenereta ya ofisi yetu iliishiwa, nikaamriwa nitoe kwenye gari la kazi, nikatoa, na hakuna aliyeandika popote. Mwisho wa mwezi nikaulizwa mimi mafuta yameenda wapi. Andikeni lita zilizotoka, saini mbili, hakuna ugomvi.

BosiMkubwa
Hapo kwenye saini nakubali. Samahani kama nimewajumuisha wote.

MvuviUkerewe
Mnahangaika na midomo wakati dawa ipo. Kwenye paipu ya mafuta ya injini ya boti, kati ya tanki na injini, kuna pampu ya mpira ya kubinya kwa mkono. Inauzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya boti, Mwanza zipo. Unaunga paipu mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, moja inazama kwenye tanki, nyingine kwenye kidumu. Ina mshale, uelekee kidumuni. Ishike wima, mshale juu, binya mara kadhaa, mafuta yakishavuka yanateremka yenyewe ilimradi kidumu kiko chini kuliko tanki. Ukitaka kusimamisha, inua mdomo wa paipu juu. Ni hivyo tu.

MkulimaRuvu
Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Kwa Probox itapita?

FundiIlala
Paipu nyembamba, usilazimishe. Ukihisi imegonga, acha, mwite fundi, maana Probox haina mpira wa kurudishia mafuta kama zile Toyota za zamani. Na kidumu kiweke chini ardhini wakati wa kujaza, kisiwe juu ya plastiki iliyotandikwa nyuma ya pikapu. Petroli ikitiririka inazalisha umeme tuli, na ardhi ndiyo inaupokea.

ChensoMufindi
Naongeza moja. Chenso, na vile vijenereta vidogo vya Tiger, ni injini za kuchanganya oili. Petroli ya kwenye gari haina oili hiyo. Watu wanatoa, wanamimina moja kwa moja, pistoni inakamata siku hiyo hiyo. Soma kitabu cha mashine. Ikisema 50 kwa 1, ni mililita 100 za oili kwa lita 5. Changanya kwenye kidumu, tikisa, ndipo umimine. Na kidumu kiwe na alama, tusije tukarudisha mchanganyiko kwenye gari.

MzeeWaMalori
Hiyo ya pampu ya boti nimeipenda. Nitamwagizia mjukuu wangu.

NesiWaZamu
Ahsante baba.

MamaSaluniMbagala
Swali la mwisho. Gari la shemeji ni Land Cruiser ya dizeli, jenereta yangu ni ya petroli. Nikiishiwa usiku naweza kuchanganya kidogo?

FundiIlala
Hapana dada. Dizeli haitawaka kwenye jenereta hiyo, itachafua plagi na kabureta tu. Mwite BodaChanika.

BodaChanika
Mbagala kwa Chanika ni mbali, ila boda wa hapo mtaani kwako atakutolea. Mlipe lita zake na mshukuru kidogo juu. Na jenereta uizime kwanza.